Mteja wa Taifa

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu asiye na kibali, na ofisi inayotoa vibali hivyo imefungwa kwa muda kupisha sherehe za kufunguliwa kwake. Tuiite nchi tu. Ilikuwa na bendera, wimbo, uwanja wa ndege na wananchi wachapakazi, ambao upungufu wao ulikuwa mmoja: hawakuwa na kazi.

Serikali, ambayo haikupata usingizi kwa ajili ya watu wake isipokuwa wakati wa vikao, iliunda tume ya kuchunguza jambo hilo. Tume ikazunguka nchi za nje, maana ndani hakukuwa na kazi za kuchunguza, ikarudi na mabegi mazito na jibu jepesi. Kazi zipo tele, ilisema. Tatizo ni kwamba wenye kazi na wanaotafuta kazi hawajafahamiana.

Hapo hapo ikazaliwa Wizara ya Kufahamiana, na akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Sengo Tarumbeta, mtu aliyefahamika kuliko wote kwa sababu alikwisha kuondolewa katika wizara nyingine zote.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alilihutubia taifa, "zama za kuajiriwa zimekwisha. Aliyeajiriwa ni mtumwa wa mshahara, na Serikali yenu sikivu imeamua kuwakomboa." Wiki hiyo watumishi wengi sana wakakombolewa. "Kuanzia leo kila mmoja wenu ni mtaalamu wa kujitegemea. Tokeni nje! Shikaneni mikono! Mteja hapatikani kwenye simu. Mteja yumo machoni mwa mwenzako!"

Watu wakatazamana machoni siku nyingi. Mteja hakuonekana, ingawa baadhi yao walifikia kuposana.

Miongoni mwa waliokombolewa alikuwemo mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani binti Mtoro, mchoraji wa ramani za nyumba. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho kali, na kwa miaka mingi aliinama juu ya meza ya Idara ya Majengo, mpaka idara ilipofungwa kwa aibu ya jengo lake lenyewe, lililokamilika bila ngazi. Sikudhani ngazi alizichora. Mkubwa mmoja alizifuta ili kubana matumizi, akapandishwa cheo kwa ubunifu huo, ingawa ofisi yake mpya, iliyokuwa ghorofa ya juu, hakuwahi kuifikia.

Kukaa bila kazi kungevumilika, kama si ile amri. Wizara ilitangaza kwamba mtaalamu yeyote atakayefika mwisho wa masika bila mteja hata mmoja atahesabiwa kuwa Mtu Asiyefahamika, na mtu wa namna hiyo atapelekwa Kikosi cha Taifa cha Kupiga Makofi.

Sikudhani alikijua kikosi hicho kwa karibu. Alikuwa akiishi kwa dada yake, na mume wa dada yake, Bakili, alikwisha kuchukuliwa kabla ya muda, kwa kukiri mapema kwamba hana mteja. Bakili alikuwa fundi saa, mtu wa vidole vyembamba aliyeweza kuokota skrubu ndogo kuliko chembe ya ufuta. Sasa alirudi nyumbani jioni viganja vimevimba kama mikate ya mofa, na mkewe alimlisha kwa kijiko.

"Leo mmempokea nani, shemeji?" Sikudhani alimuuliza.

"Waziri wa Mifugo wa nchi jirani."

"Amekuja na habari njema?"

"Hakuja. Ndege yake iliahirishwa. Lakini sisi tulikuwa tumeshaanza, na mwenye mamlaka ya kutuambia tuache alikuwa kwenye semina." Bakili akamtazama shemeji yake, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyolala mezani kama si yake. "Tafuta mteja, Sikudhani. Hata mmoja. Hata awe wa banda la kuku."

Kwa hiyo Wizara ilipoitisha Kongamano Kuu la Kufahamiana Ana kwa Ana, na kuahidi kwamba wateja wangekuwepo kwa wingi usiomithilika, Sikudhani alipiga pasi gauni lake la kijani, akachapisha kadi zenye jina lake na kazi yake, akaenda.

Mlangoni alisimamishwa na ofisa wa usalama.

"Unafanya kazi gani?"

"Mchoraji wa ramani."

"Ramani ya wapi?"

"Ya nyumba, afande."

"Nyumba ya nani?"

"Ya yeyote atakayetaka."

Ofisa akamwita mwenzake. "Huyu anachora ramani," alimnong'oneza kwa sauti ambayo Sikudhani aliisikia vizuri, "na hataki kusema ametumwa na nani." Wakazisoma kadi zake upande wa mbele, wakazisoma upande wa nyuma ambako hakukuwa na maandishi, na upande huo ndio uliowatia shaka zaidi. Kadi zote zikachukuliwa kwa usalama wa nchi. Mwenyewe akaruhusiwa kuingia, baada ya kubandikwa kifuani beji ya kijani yenye neno MTAFUTAJI.

Ndani ya ukumbi kila kifua kilikuwa na beji ya kijani. Karibu na jukwaa palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cha hariri, na juu yake beji za dhahabu zenye neno MTEJA, zimepangwa safu kwa safu, zinang'aa, zinalindwa na askari wenye silaha. Hakuna aliyekuwa amechukua hata moja. Watu walizitazama beji hizo kama harusi inavyomtazama bwana harusi aliyechelewa, kwa matumaini kwanza, kisha kwa kuulizana.

Mtaalamu aliyeletwa kutoka ng'ambo alipanda jukwaani kufundisha namna ya kushikana mikono. "Mkono ulioshikwa kwa ulegevu," alieleza, "unaonyesha udhaifu. Mkono ulioshikwa kwa nguvu unaonyesha uwezo. Mkono ulioshikwa kwa nguvu mno," hapo alimtupia jicho Mheshimiwa, "unaonyesha upinzani." Ukumbi mzima ukafanya mazoezi ya nguvu inayokubalika.

Kisha kengele ikagongwa, na Mheshimiwa Tarumbeta akanguruma kwenye kipaza sauti: "Fahamianeni!"

Wakafahamiana. Sikudhani alishikwa mkono na mhasibu aliyenyoa vizuri sana.

"Dada, unahitaji mhasibu?"

"Nihesabiwe nini, kaka? Wewe huhitaji nyumba?"

"Nyumba! Nimempata wapi mteja hata nihitaji nyumba?"

Wakaachana kwa tabasamu. Akashikwa na mpambaji keki, akashikwa na mkalimani wa lugha tatu, akashikwa na bwana aliyefundisha viongozi namna ya kuonekana wanasikiliza. Kila mmoja alikuwa anauza na hakuna aliyenunua. Kandokando ya ukuta walisimama makarani wa Wizara wakiangalia, na kila mikono miwili iliyokutana waliihesabu kuwa ajira mbili zilizozalishwa. Kufika saa ya chakula, uchumi ulikuwa umekua vibaya sana.

Chakula kililiwa nje, chini ya maturubai. Sikudhani alichukua sahani yake akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Miguu ilimuuma na moyo ulikuwa umeanza kumwambia ajizoeze kupiga makofi. Hapo ndipo alipokuja kuketi kando yake mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, amejitanda kanga, amebeba kikapu cha ubuyu wa kuuza.

"Pole, mwanangu," alisema mama.

"Ahsante, mama. Pole ya nini?"

"Ya msiba. Nimepita barabarani nikaona maturubai, viti, watu wamevaa suti wamenuna, nikasema haiwezekani nipite kama sikuona. Marehemu ni nani?"

"Si msiba, mama. Ni kongamano. Watu wanatafuta wateja."

"Ah! Kwa hiyo mteja ndiye aliyekufa?"

"Hajafa. Hajaonekana."

"Inaanzaga hivyo hivyo," alisema mama kwa huruma, akampa ubuyu. Aliitwa Bi Mwantumu. Akauliza, "Na wewe unauza nini?"

"Nachora nyumba."

Bi Mwantumu aliacha kutafuna. Akakiweka kikapu chini taratibu. "Unachora nyumba zile wanazozitaka manispaa? Zenye vipimo?"

"Ndizo hizo."

"Ehee! Mimi nina kiwanja kule Magengeni, nilichoachiwa na baba. Matofali ninayo, yamepangwa mpaka yameota majani. Kila nikienda manispaa wananiambia nilete ramani. Ramani yenyewe wapi, hawasemi." Akamsogelea. "Mimi nataka vyumba viwili, na sebule, na jiko nje. Hapana, jiko ndani. Hapana, nje, lakini lipauliwe, nisiloe nikipika."

Sikudhani alihisi kitu kikitembea kifuani mwake ambacho hakikuwa kimetembea tangu idara ifungwe. Akageuza ratiba ya kongamano, akatoa penseli.

"Mlango tuuweke mbele?"

"Mbele yupo Mwajabu, na Mwajabu sisemi naye."

"Basi tuuweke ubavuni."

"Ubavuni atasema namkimbia."

"Nyuma je?"

"Nyuma kama mwizi, nyumbani kwangu? Uweke mbele. Lakini upinde kidogo."

"Mlango haupindi, mama. Ila naweza kuuwekea kibaraza kinachoangalia upande mwingine."

"Umeona! Hayo ndiyo nilikuwa nasema."

Alikuwa mteja msumbufu, mwenye kubadili mawazo kabla penseli haijafika mwisho wa mstari, na Sikudhani alifuta na kuchora, akafuta na kuchora, akiwa na furaha iliyomfanya asahau sahani yake. Hakuona kwamba yule mpambaji keki, aliyekaa kiti cha mbele yao, alikuwa amegeuka na kijiko kimesimama njiani.

"Samahani, mama," mpambaji keki aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Hiyo nyumba… unaitaka? Yaani una haja nayo?"

"Ningekuwa sina haja ningeisema?"

Mpambaji keki akasimama juu ya kiti. "Mteja!" alipiga yowe. "Jamani, mteja! Huyu hapa!"

Yaliyofuata yaliangusha turubai moja na kuacha viatu vingi bila wenyewe. Walikuja wahasibu, wakalimani, washauri wa mambo ambayo hayajatokea. Kila mmoja alimshika Bi Mwantumu mkono kwa nguvu inayokubalika. Habari ilipofikishwa jukwaani, Mheshimiwa Tarumbeta alishtuka kuliko wote.

"Mteja?" alimuuliza msaidizi wake. "Nani kamwalika?"

Lakini alikuwa mwanasiasa mzoefu. Kabla ya wimbo wa taifa kwisha, beji ya kwanza ya dhahabu ilikuwa imebandikwa kwenye kanga, na Mheshimiwa alikuwa ameuinua mkono wa Bi Mwantumu juu mbele ya wapiga picha. "Waliotubeza wako wapi leo?" aliuliza. "Walisema hakuna wateja. Sasa yupo!"

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Sikudhani, aliyekuwa amesukumwa mpaka mbele na ratiba yake mkononi. "Huyu ni mteja wangu. Tulikuwa tumefika jikoni."

Katibu wa Wizara, Bwana Nyangasa, mtu mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alimgeukia polepole.

"Umesema *wangu*?"

Kesho yake Sikudhani alifikishwa mbele ya kamati kwa kosa la kuhodhi mteja.

"Tumepitia mengi katika nchi hii," Bwana Nyangasa alianza kwa uchungu. "Watu waliificha sukari tukawasamehe. Wakaficha mafuta ya taa. Wakaficha saruji chini ya vitanda. Lakini mteja! Mteja mmoja katika nchi nzima, mtu unakaa naye nyuma ya turubai, peke yako, na penseli!"

"Bwana Katibu, mwenyewe anataka nyumba moja ya vyumba viwili. Inachorwa na mtu mmoja."

"Huo ndio ubinafsi tunaoupiga vita. Wachoraji wa mikoa mingine je, hawana watoto?"

Kamati ikajifungia, ikatoka na azimio. Bi Mwantumu alitangazwa kuwa Mteja wa Taifa, rasilimali ya watu wote, asiguswe na mtu binafsi ila kwa foleni. Nyumba yake ingegawanywa kwa haki kwa wachoraji wa mikoa yote: mkoa huu ukuta wa kaskazini, mkoa ule paa, mwingine mlango. Na kwa kuwa Serikali si katili, Sikudhani naye hakuachwa mikono mitupu. Alipewa dirisha la choo.

Alilipokea. Kwa azimio hilo hilo dirisha lilihesabiwa kuwa mteja, na mwisho wa masika ulikuwa unakaribia.

Bi Mwantumu aliwekwa katika ukumbi wa Wizara, kwenye kiti chenye mito, amevishwa mkanda wa hariri begani. Siku ya kwanza alifurahi. Aliletewa keki za kuonja, akazionja zote, akaomba nyingine ampelekee mjukuu. Siku ya pili akasema anataka kurudi nyumbani, ubuyu wake utaganda. Akaambiwa kwa heshima kuu kwamba rasilimali ya taifa haizururi. Akawekewa askari wawili wa kumlinda asipotee na wa tatu wa kuwalinda hao wawili wasimuuzie chochote.

Sikudhani alipokwenda kupeleka dirisha lake, alipanga foleni kama watu wote, na zamu yake ilipofika alimkuta Bi Mwantumu ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtoto mgonjwa.

"Mwanangu," alisema, "wananishika tangu asubuhi. Wa hesabu kanishika, wa keki kanishika, kuna mmoja kanishika akalia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jiko nalitaka ndani au nje."

"Unalitaka wapi, mama?"

"Nje. Nimefikiri. Nje ni vizuri."

"Mheshimiwa Mteja asiongezewe mawazo," alionya askari wa tatu. Sikudhani akasukumwa mbele, akiwa amebaki na hasira na kitu kingine ambacho aliona haya kukiita wivu. Yule alikuwa mteja wake. Alimpata yeye, kwa kukaa naye na kula ubuyu wake.

Hata hivyo dirisha alilichora kwa moyo wote. Aliliweka juu kiasi cha kumsitiri mtu aliyesimama, akalielekeza kwenye upepo, akaandika vipimo vyote. Hakujua kuchora vinginevyo.

Siku ya kuzindua ramani walialikwa mabalozi. Bendi ilipiga. Kikosi cha Makofi kilipangwa nyuma, Bakili akiwemo, viganja vimepakwa mafuta ya nazi. Mheshimiwa Tarumbeta alizungumza kwa kirefu kuhusu nyumba kama alama ya umoja, kisha akavuta kamba, na pazia likaanguka.

Ramani ilifunika ukuta mzima. Kila mkoa ulikuwa umefanya kazi yake bila kuuliza mkoa mwingine. Ukuta wa kaskazini ulikuwa wa nyumba ya ghorofa, wa kusini wa msikiti au labda ghala. Paa lilikuwa kubwa kuliko kiwanja. Milango ilikuwa mingi kwa sababu mikoa mingi ilikuwa imeomba mlango, na yote ilifunguka kuingia kwenye ujia mmoja, na ujia ule ulikwenda, ukakata kona, ukakutana na ujia mwingine uliokuwa unautafuta. Chumba cha kulala hakikuwepo. Mkoa wake ulikuwa bado unasubiri fungu. Choo chenyewe pia hakikuchorwa, kwa kuwa kila mkoa uliona umedharauliwa. Lilikuwepo dirisha lake tu, zuri, lenye vipimo, likining'inia peke yake katikati ya karatasi.

"Na sasa," alisema Mheshimiwa, "namkaribisha Mheshimiwa Mteja atoe shukrani zake kwa Serikali."

Bi Mwantumu akasogezewa kipaza sauti. Aliitazama ramani kutoka kushoto kwenda kulia, akainamisha kichwa akaitazama kwa ubavu. Akatafuta jiko. Sikudhani, aliyekuwa amesimama karibu na nguzo, alimwona anatafuta jiko.

"Sitaki," alisema Bi Mwantumu.

Bwana Nyangasa akashusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Mheshimiwa Mteja anamaanisha hataki kuchukua muda wenu mwingi…"

"Sitaki nyumba hii. Sikuiagiza. Mimi niliagiza kwa binti yule pale, vyumba viwili, na tulishaelewana. Mtu anayeagiza akiletewa siyo, si anasema sitaki? Basi. Sitaki."

Neno hilo lilikuwa halijapata kutamkwa kwenye jukwaa lile, na hakuna aliyejua utaratibu wake. Bendi ilimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alimtazama Katibu. Mabalozi walitazama viatu vyao. Katika ule ukimya, nyuma kabisa, mtu mmoja akapiga makofi. Alikuwa Bakili. Wenzake wakamfuata, kwa nguvu, kwa muda mrefu, mpaka vumbi likashuka darini. Walipohojiwa baadaye walijitetea kwamba wao hupiga tu neno likitoka jukwaani, na utetezi huo ukakubaliwa. Lakini waliokuwepo wanasema yale makofi hayakuwa ya zamu.

Taarifa ya Wizara ilitoka jioni hiyo. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina imebainika kuwa nchi haijapata kuwa na mteja, na kwamba mwanamke aliyejifanya ana haja ya nyumba alikuwa ametumwa na wasioitakia nchi mema. Ajira zilizozalishwa kwa kumshika mkono, hata hivyo, zilibaki kuwa halali na zisingepunguzwa. Bi Mwantumu alivuliwa mkanda, akanyang'anywa beji, akatolewa kwa mlango wa nyuma na kuamriwa asionekane tena. Mheshimiwa Tarumbeta alihamishiwa Wizara ya Siri, na hakuna tena anayefahamu anafanya nini.

Sikudhani aliitwa kwa Bwana Nyangasa.

"Nina habari njema," alisema Katibu. "Kosa lako la kuhodhi limefutwa. Mtu hawezi kuhodhi kitu ambacho hakijapata kuwepo."

"Ahsante, Bwana Katibu."

"Lakini kwa kuwa hakijapata kuwepo, basi hukuwa na mteja. Masika yamekwisha. Utaripoti uwanja wa ndege kesho asubuhi. Kucha ukate."

Akaripoti. Walimweka safu moja na shemeji yake, akapiga makofi kwa wageni waliofika na kwa wageni walioghairi. Bakili alimfundisha kukunja kiganja kidogo ili hewa ibebe sauti na mifupa ipumzike. Siku za mwanzo alikuwa akifika nyumbani analia, si kwa maumivu, ila kwa sababu alijaribu kushika penseli na penseli ikaanguka.

Zamu ya asubuhi ikiisha, mchana ulikuwa wake. Mchana mmoja alipanda kilima kwenda Magengeni, akauliza kwa Bi Mwantumu muuza ubuyu, akaonyeshwa.

Alimkuta kwenye kiwanja chake, anang'oa majani yaliyoota kwenye matofali.

"Umechelewa," alisema Bi Mwantumu.

"Nilikuwa makofini, mama."

"Najua. Nimekuona kwenye gazeti, umepiga vizuri." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya, tumalizie. Tulifika jikoni."

"Mama, nitakuchorea, lakini muhuri hatutaupata. Mimi sasa ni Mtu Asiyefahamika. Na manispaa bila muhuri watakuja kubomoa."

"Watambomolea nani?" Bi Mwantumu aliuliza. "Serikali imetangaza redioni kwamba mimi sipo. Wakija wakinibomolea watakuwa wamekiri nipo, na huyo aliyetangaza watamficha wapi? Chora, mwanangu. Mimi nina kinga."

Penseli haikushikika. Sikudhani akaomba majivu ya jikoni, akachukua kopo, akaanza kuyamwaga chini kwa mstari, akipima kwa kamba ya kuanikia nguo. Akatoa chumba cha kwanza, akatoa cha pili. Sebule. Kibaraza kinachoangalia upande mwingine. Jiko nje, na alama za nguzo nne za paa lake. Choo akakiweka kamili, na dirisha. Alifanya kazi ameinama, jua mgongoni, na Bi Mwantumu akimfuata nyuma na kumwambia asogeze ukuta huu, aurudishe, ausogeze tena.

Kazi ilipokwisha wakasimama wakaitazama. Bi Mwantumu akatoka pale alipokuwa, akakatiza moja kwa moja mpaka sebuleni.

"Mama," alisema Sikudhani, "umepita ukutani."

Bi Mwantumu akatazama chini, akauona mstari wa majivu aliouvuka. Akarudi kinyumenyume. Akazunguka mpaka kwenye kibaraza, akatafuta pale mstari ulipoachwa wazi, akavua ndala zake, akaziweka pembeni, akaingia. Alisimama katikati ya sebule yake miguu mitupu, akatazama ukuta wa kulia, akatazama wa kushoto. Kisha akaketi mchangani, akanyoosha miguu.

Barabarani alikuwa anapita mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Alisimama kwenye mstari, akaona ndala, akaona mwenye ndala.

"Hodi!"

"Karibu. Baiskeli iache nje, humu nimeshafagia."

Mzee akaingia kwa mlango. Akakiangalia chumba, akaliangalia jiko, akakiangalia kibaraza kwa muda mrefu. "Kibaraza kizuri," alisema. "Nani kakuchorea?"

Bi Mwantumu akamwonyesha Sikudhani kwa kidevu.

Mzee akajifuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. Sikudhani hakuweza kuushika kwa kiganja, kwa hiyo alimpa kifundo cha mkono, na mzee akakishika kwa upole.

"Nina kiwanja changu kule nyuma ya soko," alisema, "mke wangu ananisumbua tangu…"

"Shh!" Sikudhani alitazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na kuku tu, na hata wao aliwasubiri wapite. Akamvuta mzee hadi kwenye kile chumba cha pili, akaokota kopo la majivu, akachuchumaa.

"Sema polepole, baba," alisema. "Vyumba vingapi?"